Furaha yako iko upande gani: maslahi yako kwa hesabu, au watu wako?

Pesa ya mzigo wa dagaa ikishaingia kwenye simu, au mshahara ukishasoma, swali halichelewi. Kuna ada ya mdogo wako anayesoma Kasulu. Kuna mchango wa harusi ya mtoto wa baba mdogo, na kamati imeshakuingiza kwenye kundi la WhatsApp bila kukuuliza. Kuna bati za nyumba ya mama kule Ujiji. Halafu kuna wewe mwenyewe, mwenye kiwanja Gungu ambacho hakijaona hata tofali moja. Aanze nani?

Wengi tunajibu kwa mazoea. Ama tunatoa mpaka tunabaki weupe huku moyo unanung'unika, ama tunazima simu. Lakini nyuma ya swali la pesa kuna swali kubwa zaidi, ambalo watu wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka elfu mbili: mtu hupata furaha kwa kufuata maslahi yake mwenyewe kwa akili timamu, au furaha humjia anapoishi kwa ajili ya wenzake? Hapa naziweka njia hizo mbili sambamba, nazipima kwa mambo yanayotukuta huku Kigoma, na nitasema wazi naegemea wapi.

Njia ya hesabu

Mtetezi wa njia hii anayejulikana zaidi ni Ayn Rand. Alizaliwa St. Petersburg, Urusi, mwaka 1905. Baba yake alikuwa na duka la dawa, na baada ya mapinduzi ya 1917 Wabolsheviki, wakomunisti walioshika serikali, walilitaifisha. Mwaka 1926 binti huyo akaenda Marekani, akaishi huko akiandika riwaya na makala hadi alipofariki New York mwaka 1982. Ukijua alikotoka utaelewa kwa nini alichukia kwa moyo wake wote mtu kuambiwa atoe chake kwa sababu tu wengine wanakihitaji.

Alifundisha kwamba kila mtu anaishi kwa ajili yake mwenyewe, na kwamba kuitafuta furaha yake ndilo kusudi la juu kabisa la maisha yake. Asijitoe mhanga kwa ajili ya wengine, wala asiwatoe wengine mhanga kwa ajili yake. Watu huru wanapokutana, alisema, hubadilishana chenye thamani kwa chenye thamani, kila mmoja kwa hiari yake, na hata mapenzi na urafiki ni hivyohivyo: nakupenda kwa sababu ya kile ninachokithamini ndani yako, sikupendi kwa kukuonea huruma.

Watu wengi humsingizia, kwa hiyo tumtendee haki. Hakusema kila mtu afanye linalomjia kichwani. Kijana anayemaliza mauzo ya wiki nzima kwenye pombe hafuati maslahi yake, anafuata tamaa yake, na Rand angemkemea kuliko hata shehe au padri. Mwizi pia hafuati maslahi yake, maana anajifunga kuishi kwa jasho la watu wengine na kwa hofu ya kukamatwa. Wala hakukataza kusaidia. Alitoa mfano wa mume anayetumia mali nyingi mno kumtibu mke anayempenda, akasema huyo hajajitoa mhanga hata kidogo: mke kwake ana thamani kuliko mali, kwa hiyo amefanya hesabu yake sawasawa. Alichokataa ni kumwacha unayempenda ili uwahudumie usiowajali, kwa sababu tu umeambiwa ndio wema.

Kabla yake alikuwapo Epikuro, Mgiriki aliyezaliwa mwaka 341 kabla ya Kristo, akafundisha Athens kwenye bustani yake. Naye aliitaja raha kuwa lengo la maisha, lakini raha aliyoihubiri ilikuwa mwili usioumwa na roho isiyosumbuka, chakula cha kawaida na marafiki wa kukaa nao. Hakuna kilichokaribia ulafi pale.

Nguvu ya njia hii ninaiona kila siku. Inampa mtu ruhusa ya kusema hapana. Inamfundisha kuuliza, "Nikitoa hii, nini kitasimama?" Mwalimu kijana aliyepangiwa kazi wilayani, ambaye kila mwezi mshahara wake unaisha kabla ya tarehe kumi kwa maombi ya ndugu, hajawa mtu mwema zaidi kuliko mwenzake aliyeweka akiba. Amekuwa mtu mwenye madeni, mwenye hasira, anayekwepa simu ya mama yake. Kwa mtu huyo, maneno ya Rand ni dawa.

Njia ya undugu

Upande wa pili hauna haja ya mtetezi kutoka mbali. Msiba ukitokea Mwanga au Katonga, turubai linafungwa kabla mfiwa hajajua litatoka wapi. Wanawake wanafika na masufuria yao na kuni. Hakuna aliyefanya hesabu usiku ule kwamba mwaka kesho nami nitafiwa. Misikitini kuna zaka na sadaka, makanisani kuna fungu la kumi, na mtoto wa hapa anakua akiamini kwamba chakula kilichofunikwa mezani ni cha yeyote atakayeingia.

Mwalimu Nyerere aliiandika imani hii kwa kalamu mwaka 1962, katika makala yake kuhusu ujamaa. Alisema kwamba katika jamii zetu za zamani mtu hakulala njaa eti kwa kuwa hana mali yake binafsi, kwa sababu aliitegemea mali ya jamii aliyomo. Lakini ndani ya makala hiyohiyo alikumbusha methali ambayo walaji wa jasho la ndugu zao hawapendi kuisikia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Undugu aliousifu ulimtaka kila mmoja afanye kazi. Kaka mkubwa mwenye nguvu zake, anayeshinda kijiweni Mwandiga akisubiri mdogo wake atume pesa, hana pa kujifichia hata kwenye ujamaa.

Udhaifu wa njia hii nao tunaujua. Haina kipimo. Haikuambii ukome wapi, na anayeumia ni yule mwenye roho laini.

Siku ya shida

Sasa tuzipime. Siku ya ugonjwa au kifo, njia ya undugu inashinda bila ubishi, na mfuasi wa hesabu atakimbilia kusema: basi kuwekeza kwa watu ni sehemu ya maslahi yangu. Nitaenda misibani ili nami nizikwe. Nitachangia ili nichangiwe.

Jibu hilo lina ukweli nusu. Ni kweli kwamba anayejifungia anajikosesha bima kubwa kuliko zote tulizonazo. Lakini mtu anayekuja msibani kwako akiwa na daftari kichwani, wewe unamjua. Watoto wanamjua. Salamu zake zina kitu kinachopungua. Na yeye mwenyewe anakosa kile hasa alichokuja kukinunua, kwa sababu anataka kupendwa huku yeye anafanya biashara. Epikuro aliliona tatizo hili. Alikiri kwamba urafiki huanza kwa sababu ya manufaa, ila imeandikwa juu ya mafundisho yake kwamba mwenye hekima ikibidi atakufa kwa ajili ya rafiki yake. Hakuna hesabu ya raha inayoweza kumfikisha mtu pale. Mahali fulani kati ya manufaa na kifo, rafiki alikuwa amekwisha kuwa wa thamani kwa nafsi yake.

Ziwani

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu Ziwa Tanganyika linalijaribu wazo la maslahi binafsi kuliko kitabu chochote.

Chukua mwenye chombo pale Kibirizi. Ana mitumbwi yake, wavu wa dagaa, taa za betri, na vijana anaogawana nao mapato. Usiku wa giza anaingia ziwani, anawasha taa, dagaa wanapanda kufuata mwanga, wavu unavutwa. Mbalamwezi ikikaza, kazi inalala, maana taa haishindani na mwezi. Huyu mtu anafikiri vizuri sana. Anajua bei ya mafuta, anajua lini wanunuzi wanakuja kwa wingi, anajua kijana gani mvivu.

Sasa mwambie samaki wanapungua, apumzishe wavu ili wazaliane. Akili yake inamwambia nini? Ziwa hili ni la nchi nne. Congo ina karibu asilimia 45 yake, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Dagaa aliyemwacha leo hana alama ya mmiliki. Kesho atavuliwa na mtu wa Rumonge kule Burundi au Kalemie kule Congo, au jirani yake mwenyewe wa Katonga. Kwa hesabu ya mtu mmoja, kuacha kuvua ni hasara tupu. Na kila mmoja akifuata hesabu hiyo iliyo sahihi, wote wanafika kwenye ziwa tupu. Mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliieleza hali hii mwaka 1968 akaiita msiba wa mali ya wote, na hakukosea.

Wafuasi wa Rand wangejibu kwamba tatizo ni mali isiyo na mwenyewe: gawa umiliki, na kila mwenye chake atakilinda. Kwa shamba la michikichi jibu hilo linafanya kazi, na ukipita Mwandiga utaona mtu anavyoitunza michikichi iliyo yake. Lakini hakuna uzio wa kuzungushia maji yenye kina kinachofika mita 1,470, wala migebuka haijui mpaka wa nchi.

Kilichofanyika ni kingine. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulifungwa ziwani ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Miezi mitatu. Kwa mtu anayekula kwa wavu, miezi mitatu ni mingi mno, na sitaki kuipamba. Familia zilizokuwa na shamba kidogo au genge zilipumua. Zile ambazo kila kitu chao kilikuwa ziwani ziliumia. Hata hivyo, hilo lisingewezekana kamwe kama kila mmoja angeulizwa peke yake, "Wewe unafaidika nini?" Liliwezekana kwa sababu watu walikubali, wengine kwa shingo upande, kufikiri kama "sisi".

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba msiba wa Hardin si lazima utokee. Alieleza wavuvi wa Alanya, Uturuki, waliogawana maeneo ya kutega nyavu kwa kura kisha wakawa wanazungushana, ili kila mmoja apate zamu ya mahali pazuri. Hawakuwa malaika. Kila mmoja alitaka kuvua. Lakini walijuana, walikaa pamoja wakatunga sheria zao, wakachungana wenyewe, na akili yao ikafanya kazi wakiwa kundi.

Kwa hiyo kipimo cha ziwa kinaniambia hivi: akili inahitajika sana, ila akili inayoanzia kwenye "mimi" inaweza kuwa sahihi hatua kwa hatua na bado ikakufikisha kwenye njaa.

Moyoni

Swali lilikuwa furaha, kwa hiyo tuangalie ndani ya mtu. Mwaka 2008 watafiti Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walichapisha katika jarida la Science jaribio jepesi kabisa. Asubuhi waliwapa watu huko Vancouver, Kanada, bahasha yenye dola 5 au 20. Wengine waliambiwa wazitumie kwa mahitaji yao, wengine wamnunulie mtu zawadi au watoe sadaka, kabla ya saa kumi na moja jioni. Jioni walipoulizwa, waliotumia kwa wengine walikuwa na furaha zaidi, na kiasi, kiwe 5 au 20, hakikuleta tofauti. Utafiti uliofuata, uliochapishwa mwaka 2013, uliangalia takwimu za nchi 136, na ndani yake watu wa Kanada na wa Uganda waliombwa wakumbuke pesa waliyoitumia kwa ajili ya mtu. Uganda ni jirani zetu, na kipato chao kiko mbali na cha Kanada, lakini furaha ya kutoa ilionekana kote kuwili. Wazee wetu walishasema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill alilijua hili kwa njia chungu. Alilelewa na baba yake apime kila jambo kwa kipimo cha raha na maumivu. Mwaka 1826, akiwa na miaka ishirini, alijiuliza kama malengo yake yote yakitimia leo atafurahi, na moyo ukamjibu hapana. Akaanguka katika huzuni nzito. Baadaye akaandika kwamba wenye furaha ni wale tu ambao nia zao zimeelekea kitu kingine kuliko furaha yao: furaha ya wengine, sanaa, au kazi wanayoipenda kwa ajili yake yenyewe. Furaha ina tabia ya usingizi. Unaweza kutandika kitanda, ukazima taa, lakini ukianza kuukazania usingizi uje, unakesha.

Mfuasi wa hesabu ana la kujibu hapa pia, na ni jibu zuri. Anasema: kama kutoa kunanipa furaha, basi kutoa ni maslahi yangu, kwa hiyo nimeshinda mimi. Sawa, lakini angalia bei ya ushindi huo. Ikiwa kila kitu mtu anachokitaka tunakiita maslahi yake, basi mama anayekesha na mtoto Maweni hospitali na yule aliyemkimbia mtoto huyohuyo wote wanafuata maslahi yao. Fundisho ambalo linawafaa wote wawili halimsaidii yeyote kuchagua. Mama yule hakeshi ili afurahi. Anakesha kwa ajili ya mtoto, na furaha, mtoto akipona, inakuja yenyewe.

Kutoa kwa kulazimishwa

Ningekuwa nimemaliza hapo kama si kitu kimoja ambacho watu wa Kigoma hatupaswi kukisahau, na ambacho kinampa Rand heshima yake.

Mwaka 1972 serikali iliendesha Operesheni Kigoma, kuwahamisha watu kutoka makazi yao yaliyotawanyika kwenda vijiji vya pamoja. Mwaka 1973 kuhamia vijijini kukawa amri kwa nchi nzima. Mwalimu mwenyewe, mwaka 1968, alikuwa ameandika kwamba mtu hawezi kulazimishwa kuingia kijiji cha ujamaa. Lililohubiriwa kuwa hiari likawa lori mlangoni. Jambo lilelile la kuishi pamoja na kusaidiana, ambalo watu walikuwa wakilifanya bila kuambiwa, likageuka mzigo mara tu lilipoamriwa. Binti wa mwenye duka la dawa wa St. Petersburg angelielewa hilo bila kutafsiriwa.

Netta Weinstein na Richard Ryan walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2010: kusaidia humwongezea msaidiaji hali njema ya moyo pale anaposaidia kwa kutaka mwenyewe. Anaposukumwa, faida hiyo huyeyuka. Na kusukumwa si lazima kuwe na askari. Kadi ya mchango iliyoandikwa kiwango, "single" hiki na "double" kile, ni kusukumwa. Jina lako kusomwa kwenye kundi kwamba bado hujakamilisha ahadi ni kusukumwa. Mjomba anayekuuliza mbele ya watu kama umesahau nani alikulipia ada, naye anasukuma. Tunatoa, na tunaondoka na uchungu, kisha tunashangaa mbona kutoa hakutupi ile baraka iliyosemwa.

Hapo ndipo ninapoona kosa la kila upande. Njia ya hesabu inalinda hiari lakini inaielekeza kwako tu. Njia ya undugu inaelekeza moyo mahali pazuri, ila mara nyingi inaikanyaga hiari njiani.

Kwenye sanduku la kikoba

Mahali nilipoona njia hizi mbili zikikaa meza moja ni kwenye vikoba vya akina mama wanaoanika na kuuza dagaa. Jumamosi wanakutana kwenye baraza la nyumba. Sanduku la bati lina kufuli tatu, na funguo zimekaa kwa watu watatu tofauti, kwa hiyo hakuna anayelifungua peke yake. Mweka hazina anaita namba, mtu anasogea, ananunua hisa zake, kijitabu kinagongwa muhuri. Huo ni upande wa hesabu, na hauna aibu: mwisho wa mzunguko kila mmoja anapata kulingana na alichoweka, pamoja na faida. Mama mmoja akaomba mkopo wa kununua mzigo. Mwenyekiti akafungua kijitabu chake, akamwangalia, akamwambia, "Mama, deni la mwezi ule bado. Lipa kwanza, nasi tupo." Mama akaitikia, akakaa. Hakuna aliyemwonea huruma ya kumharibia, na hakuna aliyemtukana.

Halafu likapita bakuli dogo. Ni mfuko wa jamii, kiasi kilekile kwa kila mtu, hakina riba wala hakirudi mwisho wa mzunguko. Siku hiyo mjukuu wa mwenzao alikuwa amelazwa. Wakahesabu mbele ya wote, wakampa mkononi, wawili wakasimama kumsindikiza hospitali palepale na khanga zao begani. Yule aliyenyimwa mkopo alikuwa mmoja wa hao wawili.

Sijaona maelezo bora ya swali letu. Hisa na mfuko vimo ndani ya sanduku moja, ila havichanganywi. Na anayekataliwa upande mmoja bado ana watu upande wa pili.

Basi uchague nini

Msimamo wangu ni huu: furaha inategemea akili kwa kiasi kikubwa, na inategemea maslahi binafsi, kama lengo, kwa kiasi kidogo. Akili ikupe kiasi, mpaka, na utaratibu. Moyo uelekee kwa watu unaowapenda kwa ajili yao wenyewe, na kwa kazi unayoipenda kwa ajili yake yenyewe. Lakini ushauri haufanani kwa kila mtu, kwa sababu hatuanzii mahali pamoja.

Kama wewe ni mfanyakazi mpya na simu inakuchosha, chukua zaidi kutoka njia ya hesabu, na uanze mwezi huu. Mkono mtupu haulambwi: ukifilisika wewe, wanaokutegemea wanaanguka na wewe. Tenga kwanza chakula, kodi na akiba. Kisha tenga fungu la ndugu, liwe na kiasi chake, na lisiguse mafungu mengine. Likiisha limeisha. Kukataa kunahitaji ustadi wa hapa kwetu, na nitakuonyesha kwa mazungumzo ya kijana ninayemfahamu:

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba baba. Hamjambo huko? Nimekutumia kadi ya dada yako, umeiona?"

"Nimeiona mama mdogo. Laki sina mwezi huu. Nina elfu thelathini, naituma sasa hivi. Ila Ijumaa nakuja, vyombo na viti niachie mimi."

"Haya baba. Viti ndivyo vilivyokuwa vinanitoa jasho. Mungu akuongezee."

Hakudanganya kwamba mshahara haujatoka. Hakuahidi atakacholipa kwa kukopa. Alitaja anachokiweza, akakiongezea mikono yake. Mama mdogo alipata mtu wa kusimamia viti, jambo ambalo laki moja isingelifanya, na kijana akaenda harusini akacheza.

Kama wewe ni mama mwenye biashara na watoto, pengine unachohitaji ni kikoba kizuri tu. Wewe hesabu unaijua.

Kama una chombo ziwani, hesabu yako ya peke yako haitakutosha. Ingia kwenye kikundi cha wavuvi cha mwalo wako na ukae kwenye vikao, hata vinapochosha. Miezi ya kufunga ziwa ikija tena, anza mapema kuweka kando kidogo kila baada ya mauzo, wewe na vijana wako, ili kupumzisha ziwa kusiwe kufunga kula.

Na kuna wewe uliyekwisha kuchagua hesabu zamani. Nyumba imekwisha, geti limefungwa, hakuna anayekusumbua, na jioni unakaa barazani ukijiuliza mbona kimya hiki ulichokitafuta kinauma. Kwako Rand hana kipya cha kukuongezea. Usianze na pesa, maana pesa unaijua na itakuwa njia yako ya kujificha. Anza na msiba wa mtaa. Nenda mwenyewe, asubuhi, kabla ya watu kujaa, uulize kijana anayepanga viti nini hakijafika. Atakuambia. Pengine ni maji ya kupikia, pengine ni gari la kwenda makaburini. Kilete, kisha usiondoke. Kaa kwenye mkeka pamoja na wazee hadi adhuhuri, uwajue kwa majina, nao wakujue.